Mguu wa Shangazi, Tabora hadi Msimbazi

Kwanza ahsanteni kwa sukari. Tangu turudi Tabora majirani wamekuja kwa makundi kumpa pole shangazi yangu, Bi Mwajuma, na karibu kila mmoja ameshika mfuko wa sukari, kama desturi inavyotaka. Wanamletea sukari mgonjwa wa kisukari, wanaiweka mezani mbele yake, kisha wanamuuliza kwa huruma kwa nini hajipendi. Sijaona hata mmoja aliyesita mlangoni.

Pili, mguu. Kuna wanaosema umekatwa gotini. Kuna wanaosema ni kwenye nyonga. Yupo fundi baiskeli mmoja anayeapa kwamba alimwona kwa macho yake akishushwa kwenye treni na magongo, ingawa saa ile treni inaingia fundi huyo alikuwa nyumbani kwake amelala, mkewe ndiye aliyeniambia. Nyinyi rafiki zangu angalau mmeuliza kabla ya kutangaza. Kwa hiyo nawaandikia yote kwa pamoja, ili nisisimamishwe tena kila ninapotoka kununua mkaa.

Kwa msiomjua: shangazi anauza viatu vya kike sokoni, na huenda Kariakoo mwenyewe kufuata mzigo. Mimi nina shahada ya mipango miji na sina kazi, kwa hiyo safari hii nilichukuliwa kama mbeba mizigo mwenye elimu. Yeye huniita Msomi, kwa sauti ile ile anayotumia kumwita mbuzi aliyeingia jikoni.

Tabora hadi Saranda, viatu vikiwa miguuni

Shangazi hanunui kiatu kwa kukitazama. Anakivaa, anatembea nacho dukani kwenda na kurudi, anasimama kwa mguu mmoja, kisha anatoa hukumu. Akisema hakiumi, hakiumi, na wanawake wa Tabora wamekuwa wakinunua kwake bila hata kujaribu. Duka lake limesimama juu ya miguu yake miwili.

Lakini tangu mwaka jana viatu vilianza kurudishwa. Mwalimu mmoja alirudisha jozi akisema inambana vidole. Bibi harusi alirudisha nyingine yenye damu kisiginoni. Shangazi alikuwa na maelezo: wanawake wa siku hizi wanashinda na ndala, miguu yao imedeka.

Mimi nilipanda treni nimevaa viatu vyeupe vya kufunika alivyonichagulia yeye.

"Shangazi, vinanibana hapa pembeni."

"Nimevijaribu mwenyewe, laini kama andazi. Tembea, vitakuzoea."

Sasa, mnanijua. Nikiona wingu nawaza mafuriko. Ndani ya treni niliwaza kwamba nikivua viatu vitaibwa, na visipoibwa miguu itanuka, na ikinuka abiria watajua ni mimi, na mmoja wao huenda siku moja akawa ndiye anayenifanyia usaili wa kazi. Kwa hiyo sikuvua. Nilikaa na viatu vimefungwa kuanzia Tabora, miguu ikining'inia, ikavimba, soksi zikaloa jasho. Mtu aliyesoma miaka yote ile alishindwa kufungua kamba mbili.

Mbele yetu alikaa baba mmoja aliyekuwa akisafiri na jogoo ndani ya kikapu. Alinitazama ninavyokunja uso, akaanza kutoa tiba bila kuulizwa. Malengelenge yapakwe dawa ya meno. Fangasi wa katikati ya vidole waoshwe kwa mafuta ya taa. Sugu ikatwe kwa wembe mpya. Wembe wa zamani, alinionya, ni hatari.

"Umewahi kuyafanya haya mwenyewe, baba?"

"Mimi? Mimi sina matatizo ya miguu." Akainua mguu kunionyesha. Kisigino kilikuwa na magaga yenye nyufa za kuingiza sarafu. Jogoo wake aligeuza kichwa upande wa dirisha.

Kabla ya kufika Saranda treni ilisimama porini. Hakuna aliyetuambia sababu. Sisi ni abiria tu. Jua lilikuwa la mchana kweli kweli. Wanawake wakatokea na mabeseni ya kuku wa kukaanga na viazi vitamu, na shangazi akashuka na ndala zake kwenda kubishana bei, kwa sababu yeye hawezi kumwona mfanyabiashara mwenzake akauza kwa raha. Alitembea kwenye kokoto za reli hadi mabehewa ya nyuma, akarudi na kuku mzima kwenye gazeti, akiwa mshindi. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu.

"Shangazi, ndala nyingine iko wapi?"

Akatazama chini. Nakumbuka jinsi alivyotazama, kama mtu aliyeonyeshwa doa kwenye gauni lake mbele za watu.

"Wameiba."

"Wameiba ikiwa mguuni?"

"Watu wa huku ni wepesi."

Behewa zima likacheka, na baba wa jogoo alicheka hadi akaombewa maji. Nami nilicheka. Treni ilipoondoka niliiona ile ndala kupitia dirishani, iko peke yake juu ya kokoto. Mawe yale, kwa jua lile, mimi nisingeweza kuyagusa kwa kiganja. Nikawaza: mtu anatembeaje juu yake mguu mtupu asijue? Lakini siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshawaza kwamba reli imekatika na kwamba kuku ni wa sumu. Mtu anayeogopa kila kitu, hofu yake ya kweli haina sauti ya peke yake. Nikala paja.

Gerezani, mbele ya kipaza sauti

Tulishuka Dar siku ya pili, asubuhi ikiwa imeshapata joto. Shangazi alikuwa amenunua ndala mpya Dodoma, dirishani. Tungeweza kupanda kitu, lakini yeye haamini kulipa nauli mahali ambapo anaona kwa macho anakokwenda. Tukaingia mtaa wa Gerezani kwa miguu.

Kama mmesoma kwenye vitabu kwamba mji una njia za waenda kwa miguu, mimi nimefanyia mtihani jambo hilo na nikafaulu. Gerezani njia ya waenda kwa miguu ina injini. Ina milango ya magari, marundo ya springi, mafundi waliolala chini ya gari huku miguu yao ikitokeza barabarani, na dimbwi jeusi la oili ambalo kila mtu analiruka kwa namna yake. Basi la mwendokasi lilipita pembeni limejaa watu wenye akili timamu. Malengelenge yangu yalipasuka nikiwa karibu na duka la betri, na nililia kidogo, kimya kimya, nikijifanya nasoma bango.

Kwenye kona alisimama kijana mwenye kipaza sauti na meza ya chupa za kijani.

"Fangasi, magaga, sugu, kucha kuota ndani, miguu kuwaka moto, chango, nguvu za kiume! Dada wa viatu vyeupe, mbona unakanyaga kama kuku mgonjwa? Sogea!"

"Chupa moja inatibu vyote hivyo?" nikamuuliza.

"Inatibu kila kitu isipokuwa wivu wa mke mwenza."

Watu wakacheka. Nikageuka niondoke, nikijisikia msomi kabisa, kisha nikaona shangazi hakunifuata. Alikuwa ameinama mezani ameshika chupa. Kipaza sauti kiliwekwa chini ili pesa ipokelewe, ndiyo maana nilisikia.

"Inatibu miguu kufa ganzi?"

"Ganzi? Mama, hiyo ndiyo kazi yake hasa."

"Ganzi ya siku nyingi?"

"Ya tangu uhuru."

Shangazi akairudisha chupa taratibu na kuondoka. Nilipomuuliza nani ana ganzi, akasema ni mteja wake mmoja, na kwamba mimi nina masikio marefu kama punda. Akaongeza mwendo. Nilimfuata nikichechemea, na kwa mara ya kwanza tangu Tabora niliacha kuwaza miguu yangu.

Jambo la kisukari tulilijua nyumbani. Aliambiwa zahanati, akapewa vidonge, akavimeza kwa wiki chache, akajisikia vizuri, akaviacha. Akasema ugonjwa usiouma ni ugonjwa wa watu wenye nafasi.

Kariakoo, kiatu chenye karatasi

Bwana Ramesh anauza viatu vya jumla kwenye mtaa ambao duka lisilouza viatu linaonekana limepotea njia. Familia yake iko hapo tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko changu. Alitupokea kwa chai ya maziwa yenye tangawizi.

"Mama Tabora! Za siku nyingi? Na huyu?"

"Mtoto wa kaka yangu. Amesomea barabara."

"Ahaa. Basi anajua kwa nini lori langu limekwama Msimbazi tangu alfajiri."

Shangazi akatia sukari kwenye chai, vijiko vya mtu anayezika kitu. Nikafungua mdomo, akaniangalia, nikaufunga.

Lori la mizigo ya Tabora lilikuwa linaondoka kesho yake, na Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia. Asiyepata nafasi kwenye lori lile angeuza viatu vya sikukuu baada ya sikukuu. Kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo marefu. Bwana Ramesh akashusha maboksi, shangazi akavua ndala, akaanza kazi yake.

Nitawaambia ukweli: alikuwa anapendeza kumtazama. Alivaa, alitembea hadi mlangoni, akageuka, akasimama kwa mguu mmoja, akavua, akasema "hapana" au "hiki". Wateja wengine waliacha kununua wakawa wanamwangalia. Akavaa kiatu cha dhahabu chenye pua iliyochongoka, akatembea hadi mlangoni na kurudi.

"Hiki. Laini. Nipe boksi zote za hiki."

Bwana Ramesh alikuwa ameinama anaandika. Akainua macho, akatazama lile boksi tupu, kisha kiatu.

"Mama, hebu."

"Hebu nini?"

"Vua, tafadhali."

Akakipokea kiatu, akaingiza vidole ndani ya pua, akachomoa karatasi. Siyo kipande. Lilikuwa lile bonge la karatasi ngumu wanaloshindilia kiwandani ili kiatu kisibonyee, na nyuma yake kikatoka kile kifuko cha chembechembe za kufyonza unyevu. Vyote viwili alikuwa amevikanyaga kwenda na kurudi.

Hakuna aliyecheka. Ningependa mjue hilo kwa sababu Kariakoo watu hucheka hata mtu akidondosha simu kwenye mtaro.

"Nilijua," shangazi akasema. "Nilikuwa naangalia kisigino."

"Shangazi, tuache kwanza."

"Msomi, wewe umesomea barabara. Hukusomea viatu."

"Lakini ulisema laini!"

"Nyamaza! Unataka kunivunjia biashara mbele za watu?"

Bwana Ramesh akaingilia kwa upole wa mfanyabiashara anayetaka kuuza na kulala usingizi pia. "Mama, viatu tuviache mpaka jioni. Kujaribu kiatu ni jioni, mguu umeshajaa. Asubuhi kila kiatu kizuri. Kapumzike kwa mwenyeji wako Bi Zuhura, urudi, lori halijapakiwa."

"Miaka yote nanunua asubuhi."

"Miaka yote," akakubali Bwana Ramesh, akaliweka lile bonge la karatasi mfukoni mwake, lisiendelee kukaa mezani mbele ya shangazi.

Tulitoka bila kununua. Shangazi alitembea mbele yangu mgongo umenyooka. Niliangalia ndala yake ya kulia. Kila alipoinua mguu, kwenye raba ile ya bluu kulikuwa na unyevu. Nikajiambia ni oili ya Gerezani. Kisha nikajiambia kwamba oili haiko hivyo.

Msimbazi, beseni la Bi Zuhura

Bi Zuhura ni shoga yake shangazi wa miaka mingi. Nyumba yao iko nyuma ya mtaa wa Msimbazi, ya ukoo, yenye ukumbi mrefu na mikeka, na hakuna anayevuka kizingiti na kiatu, hata fundi umeme.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mungu wangu, miguu hii umeitoa vitani?"

Nilikuwa nimevua viatu vyeupe. Visigino vilikuwa vimechunika, na vidole vimekunjamana kama vya mfu aliyeopolewa majini. Mabinti wa nyumba ile walikuja mmoja mmoja kuniangalia, kila mmoja na kisingizio chake, mmoja akiwa amebeba ufagio ambao hakuutumia.

Ugeni wa nyumba ile una utaratibu. Mgeni aliyetoka mbali hapewi chakula kwanza. Anapewa beseni la maji ya moto yenye chumvi, aloweke miguu uchovu utoke, na mwenyeji ndiye anayelileta kwa mikono yake. Ukikataa umemtukana. Bi Zuhura alileta mawili, yakifuka mvuke, akaenda kuleta birika la maji baridi ya kupozea.

Mimi, bila shaka, nilikaa kuwaza kama chumvi itawasha malengelenge. Shangazi aliingiza miguu yote miwili mara moja, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Aah. Zuhura, umri unakupunguzia moto. Haya ya vuguvugu. Ongeza."

Niliingiza ncha ya kidole changu cha mguu kwenye beseni langu, nikapiga yowe. Nilidhani langu limezidi. Nikainama nikatia mkono kwenye la shangazi, nikautoa huku napuliza.

"Shangazi toa miguu!"

"Ameanza."

"Toa! Utaungua, toa!"

Sikungoja. Nilimshika vifundo nikainua, maji yakamwagika mkekani, Bi Zuhura akaingia na birika na kutukuta hivyo: mimi nimekumbatia miguu ya shangazi, shangazi ananipiga kichwani na kanga. Miguu ilikuwa imebadilika rangi hadi mstari wa maji, kama amevaa soksi nyekundu. Na chini ya mguu wa kulia, nyuma ya kidole gumba, palikuwa na jeraha. Lilikuwa limefunguka, pembeni jeupe kwa kulowa, na katikati yake kulikuwa na kitu cheusi. Kilikuwa kipande cha kokoto.

Alikuwa akitembea juu yake tangu Saranda.

"Bi Mwajuma, husikii?" Bi Zuhura akauliza, akaweka birika chini.

"Nasikia. Kidogo. Ni uchovu."

Hapo ukaanza mkutano. Msijali, kila nyumba ya Tanzania ina hospitali yake. Binti mmoja alileta mafuta ya nazi. Mwingine alipendekeza asali. Mpangaji wa chumba cha uani alikuja na vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani, akafungua kimoja tayari kuunyunyiza jerahani, na kwa ajili ya malengelenge yangu alikuwa na dawa ya meno. Nikamkumbuka yule baba wa jogoo. Sijui mafundisho haya hutolewa wapi, lakini mahudhurio ni mazuri kuliko chuo kikuu.

"Hakuna kupaka kitu," nikasema. "Twende hospitali."

"Jioni nina mzigo," shangazi akasema. "Nikishapakia, kesho nitakwenda."

"Kesho unasafiri!"

"Basi nitakwenda Tabora. Wewe mtoto unaogopa mvua ya mwakani. Jana uliogopa kuku."

Ni kweli niliogopa kuku. Siku zote nikishindwa hoja naondoka chumbani. Safari hii sikuondoka. Shangazi ni mnene na hawezi kuinama akaona unyayo wake mwenyewe. Kwa miaka sijui mingapi hakuna aliyekuwa ameuona. Nilitoa simu, nikapiga picha karibu kabisa, nikampa.

Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Mguu wa nani huu?"

Akaangalia tena, akanirudishia simu, akachukua kanga yake akajifunga vizuri. Kisha akaomba mtu amwitie bajaji.

Mnazi Mmoja, palipofungwa

Kutoka Msimbazi hadi hospitali tuliyokuwa tunakwenda si mbali. Siku nyingine ningetembea. Siku hiyo Mnazi Mmoja palikuwa na mkusanyiko, sijui wa nini, wenye turubai na matarumbeta na watu wa sare za kitenge kimoja wanaopita kwa utulivu wa watu waliolipiwa chakula. Askari wa barabarani akatunyooshea kiganja.

"Mgonjwa huyu," dereva wa bajaji akamwambia.

Askari akachungulia. Shangazi alikuwa amekaa wima, amejipaka wanja, mguu umefungwa kitambaa safi cha Bi Zuhura.

"Huyu? Huyu anakwenda harusini."

Na hapo ndipo ugonjwa huu ulipo mjanja. Mimi mwenye malengelenge mawili nilikuwa natembea kama ninayekwenda kuzikwa, nilikuwa nimeshaonewa huruma na kila mtu kuanzia Gerezani. Yeye mwenye jiwe mguuni alionekana bibi harusi.

Joto likazidi ndani ya bajaji. Shangazi akasema atashuka akate uwanja kwa miguu, ni hapo tu, anaona hata paa. Akaweka mkono kwenye chuma tayari kushuka.

"Ukikanyaga chini napiga kelele," nikamwambia.

"Utapiga kelele gani?"

"Mwizi."

Dereva akageuka nyuma. "Mama, kaa tu. Huku wakisikia hilo neno hawaulizi umri."

Akakaa. Tulikaa muda wa kutosha matarumbeta kurudia wimbo wao wote. Baada ya kitambo, bila kunitazama, akasema, "Vile viatu vyako vyeupe. Vilikuuma tangu lini?"

"Tangu nyumbani."

"Na yule mwalimu? Bibi harusi?"

"Sijui, shangazi. Nadhani viliwauma."

Akavuta ushungi mbele. Njia ikafunguliwa.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, labda alinizidi miaka michache, na nilipata wivu wa dakika moja nikauacha. Alimlaza shangazi, akachukua kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha.

"Mama, funga macho. Nitagusa unyayo kwa huu uzi. Ukisikia, sema."

"Haya."

Daktari akageuka kwanza kuvaa glavu.

"Nasikia," shangazi akasema.

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Mama, sijagusa bado."

"Nimesikia upepo."

Akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa katikati. "Nasikia," kwa sauti kubwa, lakini daktari alikuwa ameshaondoa mkono kitambo. Akagusa kisigino, uzi ukapinda. Kimya. Aliendelea hivyo hadi mwisho, shangazi akijibu kama mwanafunzi anayebahatisha, na mwishoni daktari akaweka uzi chini bila kutoa alama.

Alitoa kokoto. Alikata ngozi iliyokufa, na shangazi alikuwa akiangalia dirishani akiniuliza mimi kwa nini nimefumba macho. Habari tuliyopewa ilikuwa hii: jeraha lilikuwa limekwenda chini, lakini halikufika mfupani. Likifika huko, daktari alisema, ndipo mazungumzo ya kukata huanza. Asilikanyage mpaka lifunge. Vidonge vya sukari arudie leo na siyo siku akijisikia vibaya, kwa sababu hatajisikia.

"Nina mzigo jioni," shangazi akasema.

"Mama, chagua. Mzigo au mguu. Mimi nitaandika utakachoniambia."

Alichagua. Kesho yake lori liliondoka bila boksi lake hata moja, na nyinyi mlioona duka limefungwa siku zote za Idi mkasema tayari amekatwa, basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Muuguzi aliyemfunga shangazi bandeji alinifunga na mimi, akinisuta muda wote. Lengelenge lisipasuliwe, likipasuka lioshwe kwa maji na sabuni na kufunikwa. Soksi zilizoloa zibadilishwe. Katikati ya vidole pakaushwe, fangasi wanapenda unyevu. Kucha zikatwe zimenyooka, zisichongwe pembeni. Kiatu kitiwe mkono ndani kabla ya mguu. Na mwenye kisukari asiloweke miguu kwenye maji ya moto, asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, na kila jioni nyayo zitazamwe.

"Na dawa ya meno?" nikamuuliza, ili tu nisikie.

"Ya meno," akasema.

Kusubiri, na kurudi

Tulikaa kwa Bi Zuhura hadi jeraha likafunga, na sitawaelezea siku zile, maana zilikuwa za shangazi kukaa kitandani akiendesha nyumba ya watu wengine kwa mdomo. Bi Zuhura aliyaondoa yale mabeseni mawili ukumbini. Alijilaumu hadi shangazi akamkemea: bila lile beseni, alisema, angepakia mzigo akaja kuoza Tabora.

Siku moja kabla ya safari tulirudi kwa daktari. Akafungua bandeji, akaangalia, akasema vizuri. Ndiyo, rafiki zangu, mguu upo wote, na vidole vyake vitano, mnaweza kumwambia fundi baiskeli. Lakini ganzi ipo pale pale. Daktari alisema haitarudi nyuma. Kinachowezekana ni kuizuia isipande.

Akachukua tena kile kijiti. "Funga macho, mama."

Shangazi akafumba. Nilikuwa nimesimama kichwani kwake. Daktari akagusa nyuma ya kidole gumba, juu ya ngozi mpya, uzi ukapinda kabisa. Nilisubiri ile sauti kubwa ya sokoni iseme nasikia.

"Sisikii," shangazi akasema.

Akagusa kisigino.

"Sisikii."

Akagusa tena mahali pengine, na shangazi akabana midomo, kama mtu anayesikiliza hatua kwenye nyumba ya jirani. Kisha mkono wake ukapapasa kitandani hadi ukaupata wangu. Hakufumbua macho.

"Mwanangu. Hapo amegusa?"

"Amegusa, shangazi," nikamwambia.